Sura ya Tano: Namba za Kufanyia Nini?

Mwaka 1996, karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyokuwa ikipotea kwa maradhi Morogoro Vijijini ilipotea kwa malaria. Hakuna muuguzi wa zahanati yoyote pale aliyehitaji kuelezwa hivyo. Aliiona kila asubuhi kwenye benchi la wagonjwa. Hata hivyo bajeti ya afya ya wilaya iliitengea malaria asilimia 5 tu. Kifua kikuu, ambacho mzigo wake haukufika asilimia 4, kilipata asilimia 22. Ukizisoma hesabu hizo harakaharaka utadhani kuna mtu alikuwa analala kazini, au kuna aliyekuwa anakula fedha. Sababu ilikuwa ya kawaida kuliko hapo: bajeti ilifuata mazoea ya miaka iliyopita, makisio, na mipango maalumu ya wafadhili iliyokuja na fedha zake zikiwa zimeshapangiwa kazi. Na si kwamba takwimu zilikosekana. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 vituo vya afya vya Tanzania vilikuwa vinajaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, safu kwa safu, mwezi baada ya mwezi, na kupeleka jumla zake wilayani, mkoani na wizarani. Namba zilipanda ngazi zote. Hazikushuka zikiwa uamuzi.

Kwa msomaji anayeongoza kampuni, benki, shule au shirika, mfano huu unaweza kuonekana wa mbali. Nitauchambua hata hivyo, kwa sababu ndipo ninapoiona kwa uwazi zaidi hoja ya sura hii: takwimu anazoomba meneja hazina thamani yoyote kwa taasisi mpaka ijulikane ni uamuzi gani unaozisubiri, nani ana mamlaka ya kuufanya, na angefanya nini tofauti endapo namba ingekuja kubwa badala ya ndogo. Mwenye kuomba akishindwa kujibu hayo kabla ya kazi kuanza, ni nadra sana ayajibu baada ya ripoti kumfikia.

Mradi uliobadilisha mambo Morogoro Vijijini, na Rufiji pia, uliitwa TEHIP. Ulikuwa ushirikiano wa Wizara ya Afya ya Tanzania na IDRC, shirika la Canada linalogharamia utafiti wa maendeleo. Chimbuko lake ni dai la Benki ya Dunia katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1993, kwamba nchi maskini zinaweza kuokoa maisha ya watu wengi kwa nyongeza ndogo tu ya fedha, ilimradi fedha zifuate mzigo wa maradhi. Wilaya hizo mbili zilitengewa nyongeza ya hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, juu ya matumizi ya takriban dola 8. Ajabu ya kwanza ni kwamba hazikuweza kuzitumia zote; zilimudu kama senti 80. Kumbe uhaba wa fedha, ambao kila mtu huutaja kwanza, haukuwa kikwazo pekee, wala pengine kile kikubwa kuliko vyote.

Vifo vingi vya vijijini hutokea nyumbani, na kifo cha nyumbani hakiingii katika kitabu cha zahanati. Kwa hiyo mradi ulitegemea ufuatiliaji wa kaya. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba, Rufiji mara tatu kwa mwaka, wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Palipotokea msiba, ndugu wa marehemu waliulizwa kuhusu dalili zilizotangulia ili sababu ya kifo ikadiriwe. Hadi hapo ni utafiti kama tafiti nyingine, na tafiti nyingi huishia kwenye majarida. Kilichoutofautisha huu ni kazi iliyofanywa baadaye ili grafu isomeke na timu ya afya ya wilaya. Lugha ya wataalamu ya kupima mzigo wa magonjwa iliwekwa kando. Maradhi hayakupangwa kwa orodha ya kidaktari, yalipangwa kufuatana na huduma ambazo wilaya ingeweza kuzigharamia. Nimonia, kuharisha, surua, utapiamlo na malaria za mtoto mdogo ziliwekwa katika fungu moja, kwa kuwa kwa mtu wa bajeti zina jibu moja: kuwafundisha watumishi wa vituo utaratibu wa kuwatibu watoto kwa pamoja, badala ya kila ugonjwa kuwa na semina yake. Kisha zana nyingine ikapanga matumizi ya fedha za wilaya katika mafungu yaleyale. Mganga mkuu wa wilaya akawa na michoro miwili mezani, mzigo upande mmoja na shilingi upande wa pili, na pengo likaonekana bila mkalimani. Tena michoro hiyo ililengwa ifike wakati mpango wa mwaka unaandaliwa, haikuja baada ya mpango kupitishwa.

Nayakazia mambo haya yanayoonekana madogo kwa sababu ndiyo yanayosahaulika ofisini. Namba ziliwekwa katika vipimo vya uamuzi, si vipimo vya mkusanyaji. Zilikabidhiwa kwa watu ambao mageuzi ya serikali za mitaa ya miaka hiyo yalikuwa yanawapa sauti juu ya fedha zao. Zingekabidhiwa miaka kumi kabla, wangezitazama, wakatikisa kichwa, wakarudi kungoja maelekezo kutoka wizarani. Na zilifuata kalenda. Ripoti nzuri inayofika wiki moja baada ya bajeti kupita ni ripoti ya mwaka kesho, na mwaka kesho itakuwa imechakaa.

Matokeo yalikuja. Fungu la malaria na la watoto likaongezwa, watumishi wakafundishwa, na katika kipindi cha takriban miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hapa mwenye hadhari anapaswa kunyoosha mkono. Vifo vya watoto vilikuwa vinapungua nchi nzima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1999 ulikuta watoto 147 kati ya kila 1,000 wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2004 hadi 2005 ulikuta 112. Vyandarua, vitamini A, tiba bora zaidi na fedha zaidi za wilaya vilikuwa vimefika pia mahali ambapo mchoro wa TEHIP haukufika. Kwa hiyo anayesema takwimu ziliokoa watoto asilimia 40 anajitwalia sifa ambazo sehemu yake ni ya wengine.

Pingamizi hilo ni la haki, na linatusaidia kuona kiungo chenyewe kilipo. Takwimu hazimtibu mtu. Kinachoweza kudaiwa kwa niaba yake ni kimoja tu: kwamba zilibadilisha uamuzi, shilingi zikatoka fungu hili zikaenda lile. Kuanzia hapo, sifa au lawama ni ya hatua iliyochukuliwa: je, vyandarua vilifika, je, muuguzi alifundishwa, je, mama alikuja kituoni? Mnyororo una viungo vingi, na kila kimoja kinaweza kukatika peke yake. Lakini kiungo cha kwanza kisipokuwapo, kama uamuzi ungebaki uleule hata namba zisingekuja, basi hakuna lolote linaloweza kuandikwa kwa jina la takwimu, hata mambo yakienda vizuri namna gani. Huo ndio mtihani mwepesi kuliko yote, na nashangaa ni taasisi chache kiasi gani zinazoufanya.

Tuhamie basi ofisini. Ujumbe wa kawaida kwa mchambuzi wa takwimu husomeka hivi: naomba mauzo ya mwaka mzima, kwa kila tawi na kila bidhaa, nayahitaji kabla ya saa nane. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani na noti mkononi bila kumwambia anunue nini. Atarudi na kitu, na kitu hicho hakitakuwa kile. Mchambuzi anaacha alichokuwa akifanya, anapigia matawi ambayo hayajaleta hesabu, anasafisha majina ya bidhaa yaliyoandikwa kwa namna tatu, na saa nane inafika na jedwali lenye safu elfu. Gharama yake haionekani popote kwenye vitabu vya kampuni, kwa kuwa mshahara wa mchambuzi ungelipwa vyovyote vile. Sasa linganisha na ombi la meneja wa ugavi anayetakiwa kuamua ifikapo Ijumaa kama ahamishe mzigo kutoka ghala la Dodoma kwenda Mwanza. Huyu hahitaji mauzo ya mwaka. Anahitaji namba moja kwa kila ghala: mzigo uliopo utaisha baada ya siku ngapi. Mwanza ikiwa chini ya siku kumi na Dodoma juu ya arobaini, lori linaondoka, vinginevyo halitoki. Hatua ni lori. Matokeo ni wateja wa Mwanza wasioambiwa bidhaa imekwisha. Thamani ni mauzo ambayo yangepotea, ukitoa nauli na usumbufu. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuhesabiwa mwezi mmoja baadaye, na makadirio yakionekana kuwa ya uongo, uongo wake utajulikana.

Kwa nini basi maombi ya aina ya kwanza yanazidi yale ya aina ya pili? Martha Feldman na James March waliliuliza swali hilo katika makala ya mwaka 1981 ambayo haijazeeka hata kidogo. Walionyesha kwamba taasisi hukusanya habari nyingi zisizohusiana na uamuzi wowote, hutafuta habari za kuutetea uamuzi baada ya kuufanya, huomba habari na kutozitazama, kisha hulalamika kuwa hazina habari za kutosha. Maelezo yao hayakuwa kwamba mameneja ni wajinga. Anayeomba takwimu mara nyingi halipii gharama ya kuzikusanya. Hulipwa na idara nyingine. Atakayelaumiwa ni yule asiyejua jambo lililokuja kutokea, na hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa kujua mengi mno. Zaidi ya hayo, kuomba takwimu ni ishara. Kunaiambia bodi, wafadhili na walio chini kwamba hapa maamuzi hufanywa kwa akili na si kwa kubahatisha, na katika ulimwengu unaoheshimu namba, ishara hiyo humjengea kiongozi imani ya watu.

Mimi siidharau ishara. Taasisi huishi kwa imani, na imani ina mila zake. Ninachokataa ni mila kuvaa nguo za uchambuzi. Kama ripoti ya robo mwaka inaandaliwa ili bodi ijisikie salama, iandaliwe hivyo, kwa kurasa chache na saa chache, na isemwe kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Hasara huja pale kitengo kizima cha takwimu kinapotumia siku zake nyingi kulisha sherehe, kisha meneja wa ugavi akija na swali lake la Ijumaa anaambiwa asubiri foleni.

Thamani ya habari inaweza kuhesabiwa, tena kwa hesabu isiyozidi ya darasa la saba. Ronald Howard, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliiweka misingi yake kwa maandishi mwaka 1966. Tuseme mwenye duka la jumla anapanga kufungua tawi Mbagala. Anaamini kuna nafasi tatu kati ya nne kwamba tawi litalipa, na yuko tayari kulifungua. Likikwama, atapoteza shilingi milioni 40. Mshauri mmoja anamletea pendekezo la utafiti wa soko kwa shilingi milioni 15. Hata kama utafiti huo ungekuwa na macho ya mtabiri na usikosee kamwe, faida yake yote ni kumwepusha na ile nafasi moja kati ya nne ya kupoteza milioni 40, yaani kwa wastani shilingi milioni 10. Utafiti wa milioni 15 haustahili kufanywa, na kwa kuwa hakuna utafiti usiokosea, hata wa milioni 8 ungehitaji kutazamwa mara mbili. Badilisha sasa jambo moja: mwenye duka ameshalipa kodi ya pango ya mwaka, mke wake ameshawaambia ndugu, na tawi litafunguliwa liwe jua iwe mvua. Thamani ya utafiti imekuwa sifuri. Haijapungua kidogo, imekwisha kabisa, kwa kuwa hakuna jibu litakalombadilisha.

Wengi huikataa hesabu hii kwa kusema kwamba uwezekano wa tatu kati ya nne umetoka hewani. Ni kweli, umetoka kichwani mwa mwenye duka. Lakini ulikuwa kichwani mwake hata kabla hatujauandika, na ndio uliokuwa ukimwongoza. Kuuandika kunamwezesha mwenzake kuupinga. Douglas Hubbard, aliyefanya hesabu za namna hii kwa miradi mingi ya teknolojia, anaripoti jambo la kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja: taasisi hupima kwa bidii kubwa mambo ambayo kuyajua hakubadilishi chochote, hasa gharama za mradi, na kuyaacha yale yenye uzito, kama vile iwapo mradi utakatishwa njiani au iwapo watumiaji watautumia kweli mfumo ukishanunuliwa. Tunapima kinachopimika kirahisi, kisha tunajipongeza kwa usahihi wake.

Dawa ya vitendo ninayoipendelea ilielezwa na Alan Andreasen mwaka 1985, akiwaandikia watu wa masoko, na ni ya kuanzia mwisho. Kabla dodoso halijaandikwa, anayeomba na anayechambua wakae pamoja na kukubaliana uamuzi ni upi, kisha waandike ripoti ya mwisho ikiwa na majedwali yake yote, ila namba ziwe za kubuni. Meneja aletewe jedwali hilo la mfano na kuulizwa: zikitoka hivi, utafanya nini? Na zikitoka kinyume chake? Mara nyingi katika meza hiyo hugundulika kuwa jedwali moja linatosha pale yalipoombwa kumi, au kwamba namba inayohitajika haimo hata katika moja ya hayo kumi. Saa moja ya mazungumzo hayo huokoa wiki za kazi. Wapo watakaosema kwamba viongozi hawana saa hiyo. Kama uamuzi hauna thamani ya saa moja ya anayeufanya, sioni kwa nini uwe na thamani ya siku mbili za mtu mwingine.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaosema kwamba takwimu bora ni zile zinazojibu swali ambalo hakuna aliyelijua. Na wana ushahidi wenye nguvu, tena wa kwetu. Majaribio ya M-Pesa yalianza Kenya Oktoba 2005, yakiwa na wateja kama 500 na mawakala wachache wa Nairobi na Thika. Yalibuniwa na Vodafone na Safaricom pamoja na taasisi ya mikopo midogo, Faulu Kenya, ili wakopaji warejeshe mikopo kwa simu. Lakini wateja wakaanza kufanya yao. Wengine walimtumia pesa mtu asiye katika majaribio. Wengine waliweka fedha za duka jioni na kuzitoa asubuhi, wakiogopa kulala nazo. Wengine waliziweka kabla ya safari na kuzitoa wafikapo. Wengine walinunua muda wa maongezi kwa ajili ya ndugu walio mbali. Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 iliacha marejesho ya mikopo nyuma na kuweka mbele kutuma pesa nyumbani. Kama kila namba ingetakiwa kuonyesha hati ya uamuzi kabla ya kutazamwa, je, nani angeyaona hayo?

Nakubali nusu ya hoja hiyo, na nusu hiyo ni muhimu. Kumbukumbu zinazozaliwa na kazi yenyewe, kama miamala ya simu, stakabadhi na mahudhurio, zihifadhiwe hata pasipo swali, kwa kuwa zimekwisha kulipiwa. Na mchambuzi mzuri apewe muda wa kuzurura ndani yake. Sheria ninayoitetea inahusu ombi, yaani pale mtu anapomtaka mtu mwingine aache kazi yake ili akusanye au atayarishe namba. Nusu ya pili siikubali. Majaribio ya M-Pesa yalikuwa na uamuzi tangu siku ya kwanza, tena mkubwa: je, huduma hii izinduliwe nchi nzima, na ikiwa ndiyo, kwa sura ipi? Walioyasimamia, Nick Hughes na Susie Lonie, walikuwa karibu na wenye mamlaka ya kubadilisha bidhaa, na majaribio yalikuwa na mwisho. Mshangao ulikuwa na mahali pa kutua. Makampuni mengine ya simu yaliyokuwa yakiona watu wakitumiana muda wa maongezi kama fedha yalikuwa na mshangao uleule kwenye kumbukumbu zao. Kilichokosekana ni mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuamua akiutazama.

Kuhusu taarifa zinazodaiwa na sheria, kwa benki kuu, kwa mamlaka ya mapato, kwa mifuko ya hifadhi ya jamii, sina mengi. Zina hatua yake, nayo ni kubaki na leseni. Zitayarishwe kwa usahihi na kwa gharama ndogo iwezekanavyo, na asitokee mtu akadhani kuwa kwa sababu zimepelekwa kwa wakati, kampuni inajitazama.

Wapo pia wanaosema: takwimu zetu ni chafu, kwanza tuzisafishe, kisha tutazungumza juu ya maamuzi. Hili husikika kama unyenyekevu, na kwa kweli ndilo linaloua mifumo mingi ya takwimu. Zanzibar ilionyesha njia iliyo kinyume. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, maofisa wa afya wa wilaya walikutana kila robo mwaka, kila timu ikisimama na kuwasilisha namba zake mbele ya wenzao. Namba zilikuwa na kasoro, na wenzao walizianika: chanjo zaidi ya asilimia mia katika wilaya fulani, kituo kilichoripoti sifuri mwezi mzima, jumla zisizolingana na sehemu zake. Robo iliyofuata zilirudi zikiwa na kasoro chache. Jørn Braa na wenzake, walioandika juu ya mikutano hiyo mwaka 2012 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, wanaeleza kwamba ubora wa takwimu na matumizi yake vilikua pamoja. Ndivyo ilivyo hata dukani. Mwenye kujaza daftari la stoku ambalo hakuna anayelisoma atalijaza siku ya mwisho ya mwezi kwa kalamu moja. Akijua kwamba kesho lori litaondoka kwa kutegemea daftari lake, atahesabu maboksi.

Lakini hapo ndipo penye mtego, na sitaki msomaji aupite bila kuuona. Ukiifunga namba na hatua, watu wataishika namba. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilikuwa na hesabu iliyoipenda sana, ya bidhaa ngapi kila mteja anazo, na lengo la kufikia nane. Kwa asili ilikuwa namba ya maana: mteja mwenye akaunti, mkopo na bima mahali pamoja huenda anaiamini benki. Ilipogeuzwa kuwa lengo la siku la mhudumu wa kaunta, wahudumu waliokuwa wakihofia kazi zao walifungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016 benki ilitozwa faini ya dola milioni 185, na wafanyakazi takriban 5,300 walikuwa wameshafukuzwa. Mnyororo wote ulikuwepo, namba, hatua, matokeo, na ulivuta kuelekea shimoni. Tofauti yake na Zanzibar naiona katika swali la nani anabadilishwa na namba. Mikutano ya Zanzibar iliiuliza timu itafanya nini na wilaya yake. Wells Fargo iliuliza mhudumu afanywe nini. Namba inayoamua lori liende wapi haina wa kuidanganya kwa faida yake, ila kwa nadra. Namba inayoamua nani alale bila kazi ina kila mtu. Kwa hiyo fomu ya kuomba takwimu iwe na nafasi moja ya ziada ambayo sijaiona popote: nani atanufaika iwapo namba hii itapikwa?

Pingamizi linalobaki ni la utamaduni wa ofisi zetu, na halijibiwi kwa nadharia. Mkubwa hahojiwi. Mchambuzi wa miaka ishirini na sita hawezi kumjibu mkurugenzi mkuu kwa kumuuliza za kufanyia nini, hata akiuliza kwa heshima zote. Hapa jedwali la mfano lina faida nyingine ambayo Andreasen huenda hakuifikiria. Mchambuzi halazimiki kuhoji, anatumikia. Anarudisha karatasi yenye majedwali mawili, ameandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba namba ni za mfano, na anasema: mheshimiwa, kazi nimeianza, naomba mwongozo wako, ikitoka kama la kwanza nikuandalie mapendekezo gani, na ikitoka kama la pili yapi? Mkurugenzi mwenye uamuzi kichwani ataueleza hapo hapo. Asiye nao mara nyingi atasema aangalie kwanza, na ombi litapumzika bila mtu kuvunjiwa heshima.

Ripoti za kudumu zinahitaji utaratibu mwingine, kwa sababu hazina mwombaji wa leo wa kuonyeshwa jedwali. Aliyeziomba huenda amestaafu. Baadhi ya washauri hupendekeza ripoti isitishwe kimyakimya na kungoja ni nani atakayelalamika. Siipendi njia hiyo, inamfanya mchambuzi mviziaji, na siku moja atakayelalamika atakuwa mkaguzi. Bora kila ripoti ipewe tarehe ya kuisha, tuseme miezi sita, na anayetaka iendelee aandike sentensi moja ya kutaja uamuzi wa mwisho alioufanya kwa kuisoma na tarehe yake. Zile za kisheria zitajwe sheria yake. Zile za sherehe zitajwe kikao chake. Nyingine zikosapo wa kuzitetea ifikapo tarehe hiyo zifutwe kwenye ratiba, na saa zake zihamishiwe kwa meneja wa ugavi, ambaye Ijumaa yake inakaribia.